Seva inahitaji nini? Historia fupi kutoka saiba za Eastlands hadi programu za kivinjarini

Kuna swali ambalo vijana wanaoanza kuandika programu za mtandao huuliza mara kwa mara: "Nimekodi seva. Sasa niiwekee nini ili programu yangu ifanye kazi vizuri kwenye kivinjari?" Wengi hutarajia jibu la mistari mitatu: weka nginx, weka hifadhidata, weka cheti cha usalama, umemaliza. Jibu hilo si baya. Ila halimwambii mtu kwa nini vitu hivyo vipo, na asiyejua kwa nini vipo hatajua la kufanya siku mambo yatakapoharibika.

Leo basi tupitie historia yenyewe, na nitaieleza nikiwa upande wa Eastlands hapa Nairobi: Buruburu, Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi na majirani zao. Sababu ni rahisi. Kwa miaka mingi seva tulizotumia zilikuwa Ulaya na Marekani, na waliozitengeneza walikuwa na laini nzuri mezani kwao. Sisi tulikuwa mwisho wa laini. Aliye mwisho wa laini ndiye anayeona kasoro ya seva kabla ya wengine, kwa sababu ndiye anayeilipia kwa dakika au kwa megabaiti.

Hoja yangu ni moja: sehemu kubwa ya mambo ambayo seva ya leo inatakiwa kuwa nayo yalibuniwa ili kupunguza hasara ya umbali, au hasara ya laini inayokatika katikati ya kazi. Ukilielewa hilo, hutahitaji kukariri orodha.

Enzi ya setilaiti

Intaneti iliingia Kenya katikati ya miaka ya 1990. Africa Online, iliyoanzishwa 1994 na vijana Wakenya waliokuwa wakisoma Marekani, ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kuiuza kwa wananchi. Mwaka 1998 shirika la posta na simu, KPTC, lilianzisha Jambonet, njia kuu ya kuunganisha watoa huduma na nchi za nje. Mwaka uliofuata KPTC lilivunjwa, tukapata Telkom Kenya, Posta, na msimamizi wa mawasiliano aliyeitwa CCK.

Hadi 2009 njia yetu ya kwenda ng'ambo ilikuwa setilaiti. Hapa naomba tupige hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu hii ndiyo mama wa makala nzima. Setilaiti ya mawasiliano ya aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka. Hizo ni safari nne, jumla kama kilomita 143,000. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda na kurudi mara moja tu kulimeza karibu nusu sekunde, hata kama seva ingejibu papo hapo na hata kama ungekuwa peke yako kwenye laini.

Sasa tazama jinsi seva za wakati ule zilivyofanya kazi. Katika itifaki ya HTTP ya mwanzo, iliyoandikwa rasmi kama toleo la 1.0 mwaka 1996, kila faili ilifunguliwa muunganisho wake na muunganisho ukafungwa mara faili ilipofika. Kufungua muunganisho ni safari moja ya kwenda na kurudi, kuomba faili ni safari ya pili. Sekunde nzima inakwisha kwa picha moja ndogo ya kitufe. Ukurasa wenye picha 30 ulikuwa adhabu. Ndiyo, vivinjari vilifungua miunganisho kadhaa kwa pamoja, lakini nayo laini ilikuwa nyembamba na watu kumi waliigawana.

Bei iliyozoeleka katika saiba nyingi za mitaani miaka ya 2000 ilikuwa shilingi 1 kwa dakika. Mwanafunzi aliyekwenda kujaza fomu ya mkopo au kuangalia barua ya kazi hakulipia habari alizosoma. Alilipia muda wa kusubiri. Seva iliyoko ng'ambo ikifunga muunganisho ovyo ovyo, shilingi zilitoka kwenye mfuko wa mtu wa Kayole.

Dawa ya kwanza ilikuja na HTTP 1.1, mwaka 1997: muunganisho ubaki wazi, faili nyingi zipite humo humo. Leo tunaliona jambo la kawaida, na baadhi ya watu hulizima kwenye mipangilio ya seva wakidhani wanaokoa kumbukumbu. Kabla hujalizima, kumbuka ile nusu sekunde.

Dawa ya pili ilikuwa kubana maandishi kwa gzip kabla ya kuyatuma. Ya tatu ni kutunza nakala. Kompyuta ya kati yenye programu kama Squid, iliyotoka 1996, iliweza kuhifadhi picha na kurasa ambazo mtu mmoja ameshazichukua ili wa pili asizifuate tena ng'ambo. Lakini iliweza kufanya hivyo kwa uhakika iwapo tu seva ilisema wazi nakala hii ni halali kwa muda gani; la sivyo ilibaki kukisia. Seva nyingi hazikusema lolote. Kazi ya mistari miwili ya mipangilio huko Marekani ingewapunguzia watu wengi huku dakika nyingi.

Barua ya jirani kupitia ng'ambo

Kulikuwa na kichekesho kingine. Mtoa huduma mmoja wa Nairobi hakuwa ameunganishwa moja kwa moja na mwenzake wa Nairobi. Barua pepe kutoka Umoja kwenda Donholm ingeweza kupanda hadi setilaiti, ikaingia bara jingine, kisha ikarudi. Ni sawa na kutoka Jericho kwenda Makadara kwa kupitia London.

Watoa huduma, chini ya chama chao TESPOK, waliamua kujenga kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, KIXP. Kilifunguliwa mwishoni mwa Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ililalamika, na Desemba mwaka huo huo CCK iliamuru kifungwe. Baada ya mabishano marefu kilirudi kazini Februari 2002. Ripoti ya Internet Society ya 2012 ilionyesha kwamba kubadilishana data hapa nyumbani kulishusha ucheleweshaji kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kufikia milisekunde 2 hadi 10.

Kwa mwandishi wa programu, somo la KIXP ni hili: mahali seva ilipo ni sehemu ya mahitaji yake. Unaweza kununua kumbukumbu zaidi na diski ya kasi zaidi, lakini huwezi kununua mwanga unaokimbia zaidi ya mwanga.

Seva iliyofanya kila kitu

Turudi ndani ya seva. Mwanzoni seva ilikuwa mtunza maktaba tu: unaomba faili, unapewa faili. Mwaka 1993 seva ya NCSA, iliyoandikwa na Rob McCool, ilileta CGI, utaratibu wa kuiruhusu seva kuendesha programu na kukuletea matokeo yake. Mwaka 1995 zikaja Apache na PHP. Ukiongeza Linux chini na MySQL pembeni, umepata ule mseto uliolea kizazi kizima cha waandishi wa programu wa Nairobi, nikiwemo mimi.

Katika mseto huo kivinjari kilikuwa kioo tu. Ukibofya, ukurasa wote unatupwa na mwingine unajengwa upya kwenye seva. Ukikosea herufi moja kwenye namba ya kitambulisho, fomu nzima inakwenda ng'ambo na kurudi ili uambiwe umekosea. Kama laini imekatika wakati wa kurudi, hujui kama fomu imepokelewa au la. Unabofya tena. Sasa maombi ni mawili.

Kulikuwa pia na tatizo lililojificha. Apache kwa mpangilio wake wa zamani ilimpa kila mgeni mhudumu wake peke yake, na mhudumu huyo hakuachiliwa mpaka mgeni amalize kupokea. Tuseme ukurasa una kilobaiti 100 na saiba ina laini ya kilobiti 64 kwa sekunde ambayo watu kumi wanaigawana. Kila mmoja atapokea ukurasa wake kwa sekunde 125 hivi. Dakika mbili nzima wahudumu kumi wamesimama tu huko kwenye seva, kila mmoja ameshika kumbukumbu yake, wakidondosha data tone kwa tone. Kama kila mhudumu anakula megabaiti 20, seva ya megabaiti 512 inajaa kwa wageni 25. Mgeni wa polepole ni ghali kwa seva kuliko mgeni wa kasi. Watu wachache walilifikiria hilo.

Kivinjari chaanza kufanya kazi

Mwaka 1999 Microsoft iliweka ndani ya Internet Explorer 5 chombo kilichoruhusu ukurasa uliokwisha kufunguka kuomba data kidogo bila kujengwa upya. Kilitengenezwa kwa ajili ya barua pepe za ofisini. Wengi hatukukitilia maanani mpaka Google ilipotoa Gmail Aprili 2004 na ramani zake Februari 2005. Mwezi huo huo wa Februari, Jesse James Garrett akaupa mtindo huu jina: Ajax.

Hapa Kenya mfano uliotufungua macho ulikuja kwa sababu za kusikitisha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, ghasia zilizuka. Mathare, Huruma na Kariobangi ni miongoni mwa sehemu za Nairobi zilizoumia, na nchini kote zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, alitoa wito mwanzoni mwa Januari 2008: nani anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha matukio haya? David Kobia aliandika programu kwa siku chache, na pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine wakaiweka hewani. Wakaiita Ushahidi. Watu walituma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa fomu ya mtandaoni, nazo zikaonekana kwenye ramani.

Tazama mgawanyo wa kazi pale. Ramani yenyewe ililetwa na Google moja kwa moja hadi kwenye kivinjari. Seva ya Ushahidi ilitoa kile kilichokuwa chake tu: alama za matukio na maelezo yake. Mtu akivuta ramani kutoka mjini kwenda Mathare, ukurasa hautupwi, na ile seva ndogo haichori ramani. Kivinjari kimekuwa mfanyakazi, na seva imekuwa mlinzi wa data. Pale ukweli wa taarifa ulikuwa suala la uhai, kazi hiyo ya ulinzi haikuwa ndogo: nani ametuma, imethibitishwa au bado, isipotee, isirudiwe mara mbili.

Programu hiyo ikatolewa huru, na watu wa nchi nyingine wakataka kuitumia. Hapo likaibuka swali letu la leo. Ilihitaji seva yenye PHP ya toleo la 5, MySQL, uwezo wa kuandika upya anwani za kurasa, na viongezo kadhaa vya PHP kama cURL na mbstring. Kwa sisi wa kazi hii ni jambo la mchana mmoja. Kwa chama cha kijamii kisicho na fundi ni ukuta. Agosti 2010 Ushahidi walitoa Crowdmap, huduma iliyompa mtu ramani yake bila kugusa seva. Naiona kama ungamo la heshima: mahitaji ya seva yakizidi, programu huria inabaki huria kwa mafundi peke yao.

Toleo la tatu, katikati ya miaka ya 2010, liliikata programu vipande viwili. Upande mmoja seva ya PHP inayotoa data tupu. Upande wa pili programu ya JavaScript inayoishi ndani ya kivinjari. Huo ndio mwelekeo ambao sekta nzima ilifuata, na ulileta mahitaji mapya mawili. La kwanza, kipande cha kivinjari kikitoka anwani moja na data zikitoka anwani nyingine, seva ya data lazima itamke wazi ni anwani zipi zinaruhusiwa kuiuliza, la sivyo kivinjari kitakataa kumkabidhi mtumiaji majibu. La pili, mtu akifungua moja kwa moja anwani ya ndani, mfano ya taarifa namba 57, seva haina faili ya jina hilo. Inatakiwa irudishe ukurasa mmoja wa mwanzo na kuiachia JavaScript itambue njia. Kwenye nginx ni mstari mmoja wa try_files. Asiyeuweka huona programu inakwenda vizuri mpaka mtu apakie ukurasa upya, kisha anapata 404.

Makanga mmoja, abiria wengi

Kivinjari kilipoanza kuongea na seva kila baada ya sekunde chache, ule mtindo wa mhudumu mmoja kwa mgeni mmoja ulielemewa. Dan Kegel alikuwa ameuliza tangu 1999: seva moja itahudumiaje wageni 10,000 kwa wakati mmoja? Igor Sysoev wa Urusi alijibu kwa nginx, aliyoitoa hadharani Oktoba 2004.

Mfano wake tunao Jogoo Road. Apache ya zamani ni kama kumpa kila abiria matatu yake na dereva wake. Nginx ni makanga mmoja kwenye gari lililojaa: anapokea nauli ya huyu, anamrudishia yule chenji, anagonga bodi mwingine ashuke, na hasimami kumsubiri anayetafuta sarafu mfukoni. Atamrudia. Hivyo mgeni wa laini ya polepole hagharimu mhudumu mzima, bali kumbukumbu kidogo tu. Ndiyo maana hadi leo tunaweka nginx mbele na programu yetu nyuma: programu inamaliza kazi haraka, inamkabidhi makanga jibu lote, inakwenda kwa mteja mwingine, na makanga ndiye anayemdondoshea mtu wa saiba tone kwa tone.

Mwaka 2009 Ryan Dahl alileta Node.js yenye tabia hiyo hiyo, na Desemba 2011 WebSocket ikawa itifaki rasmi: mlango unaobaki wazi pande zote mbili, seva nayo iweze kusema bila kuulizwa.

Pale M-Pesa inapoingia

Kama unadhani milango wazi ni anasa ya michezo na gumzo, fikiria malipo. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka minane mitambo yake mikuu ilikuwa ng'ambo. Ilihamishiwa Kenya Aprili 2015. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, lango la kuwawezesha waandishi wa programu kuunganisha mifumo yao na M-Pesa.

Sasa chukua duka la vipuri pale Kariobangi linalouza kupitia kivinjari. Mteja anabofya "Lipa". Seva yako inaiomba Daraja. Daraja inajibu papo hapo, lakini jibu hilo linasema tu "ombi limepokelewa". Ombi la PIN linajitokeza kwenye simu ya mteja. Yeye anatafuta miwani, anaandika PIN, na baada ya muda matokeo yanatumwa kwenye anwani uliyoitoa. Yakiwa 0, pesa imeingia. Yakiwa 1032, mteja ameghairi.

Hesabu mahitaji yaliyomo humo. Seva yako lazima ifikike kutoka nje, kwa HTTPS, wakati wowote. Ile kompyuta iliyo nyuma ya ruta ya nyumbani haitoshi. Lazima iwe na njia ya kukiambia kivinjari kinachosubiri, ama kwa mlango wazi ama kwa kivinjari kuuliza kila baada ya sekunde chache. Lazima ikumbuke muamala kwenye hifadhidata, si kwenye kumbukumbu ya programu, ili ukiwasha upya isisahau aliyelipa. Na lazima ikipokea taarifa ile ile mara mbili itoe risiti moja. Mama aliyelipia vipuri vya posho mill hana habari na WebSocket. Anajua pesa imetoka kwenye simu na skrini bado inazunguka. Hapo ndipo seva inapopata sifa au inapoitwa mwizi.

Simu, nyaya za baharini na kufuli

Mambo matatu yalibadilisha kila kitu kwa mtu wa mtaani.

Kwanza simu. Wengi wa Eastlands walianza kuvinjari bila kompyuta, kwa simu ndogo yenye Opera Mini, iliyosambazwa duniani 2006. Seva za Opera zilifungua ukurasa kwa niaba yako, zikaubana, zikakutumia kiasi kidogo sana. Lakini JavaScript ilifanyika huko kwao, si kwenye simu, kwa hiyo programu za Ajax mara nyingi zilikwama. Waliosalimika ni wale ambao seva zao ziliweza kutoa ukurasa unaosomeka hata bila JavaScript. Ushauri huo haujazeeka: simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo huchukua muda mrefu kuchambua megabaiti 2 za JavaScript, hata fiba ikiwa mlangoni.

Pili, nyaya za chini ya bahari. TEAMS ilifika Mombasa Juni 2009, na SEACOM ikaanza kazi Julai 23 mwaka huo. Ile nusu sekunde ya setilaiti ikashuka hadi kama milisekunde 150 kwenda Ulaya na kurudi. Ghafla programu za kivinjarini zikawezekana kwa kweli. Polepole fiba ikafika hadi kwenye nyumba za mitaani.

Tatu, kufuli. Saiba ni mtandao wa pamoja, na kwenye mtandao wa pamoja anayejua aliweza kusoma ya jirani. Oktoba 2010 kiongezo cha Firefox kilichoitwa Firesheep kilionyesha kwamba hata asiyejua angeweza kuingia kwenye akaunti ya mwingine kwa kubofya tu. HTTPS ilikuwa jibu tangu zamani, ila vyeti viliuzwa na wengi walikwepa gharama. Let's Encrypt ilifungua milango kwa umma Desemba 2015 ikitoa vyeti bure, na kisingizio kikaisha. Leo si hiari: bila HTTPS kivinjari hakikupi eneo la mtumiaji, hakikuruhusu kuhifadhi programu ili ifanye kazi bila mtandao, na vivinjari vikuu havizungumzi HTTP 2 nawe.

Lakini kufuli nalo lilikuwa na gharama ya umbali. TLS ya zamani iliongeza safari mbili za kwenda na kurudi kabla ya neno la kwanza. TLS 1.3, ya Agosti 2018, iliipunguza kuwa moja. HTTP 2, ya Mei 2015, ilipitisha faili nyingi kwa pamoja ndani ya muunganisho mmoja bila kupanga foleni. HTTP 3, iliyorasimishwa Juni 2022, iliunganisha salamu na kufuli kuwa safari moja, na ikaleta jambo ambalo abiria wa kutoka Kayole atalipenda: simu ikihama kutoka Wi-Fi ya nyumbani kwenda mtandao wa simu, muunganisho unaweza kuendelea badala ya kufa. Ona jinsi hoja ile ile inavyorudi. Ni vita dhidi ya umbali na kukatika.

Basi seva yako inahitaji nini?

Sasa orodha itaeleweka.

1. HTTPS yenye TLS 1.3, na cheti kinachojihuisha chenyewe.
2. HTTP 2, na HTTP 3 ikiwezekana, pamoja na kubana maandishi kwa gzip au Brotli.
3. Mbele pawe na seva ya aina ya nginx, inayobeba wageni wa polepole bila kufunga programu yako.
4. Kauli wazi kuhusu nakala: faili zenye alama ya toleo kwenye jina zitunzwe mwaka mzima, ukurasa wa mwanzo uulizwe kila mara kama umebadilika.
5. Kurudisha ukurasa wa mwanzo kwa anwani za ndani, na aina sahihi ya kila faili. WebAssembly, kwa mfano, inataka itambulishwe kama application/wasm, vinginevyo kivinjari hakitaianza wakati ikiendelea kushuka.
6. Ruhusa za anwani nyingine zitolewe kwa majina, si kwa nyota ya "yeyote".
7. Milango inayobaki wazi, na muda wa kusubiri usiokatwa mapema na seva ya mbele.
8. Kila ombi linalobadilisha kitu liwe na namba yake, ili likitumwa mara mbili lihesabiwe mara moja.
9. Kikomo cha maombi kwa kila anwani.
10. Seva iwe karibu na watu wake, au nakala za faili zake ziwe karibu. Siku hizi kuna vituo vikubwa Afrika Kusini tangu 2019 na 2020, na wapo wanaokodisha seva hapa Nairobi.

Namba 8 ndiyo ambayo watu huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Nyingine zinaongeza kasi. Hiyo inamlinda mtu asilipe mara mbili au asipoteze fomu yake.

Na namba 9 si mapambo. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen, lango ambalo kupitia kwake serikali hutoa maelfu ya huduma, lilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio. Serikali ilisema data hazikupotea. Lakini aliyetaka pasipoti, leseni ya udereva au viza alisimama. Tulipohamisha madirisha ya ofisi za serikali na kuyaweka ndani ya kivinjari, tuliihamishia seva foleni zote zilizokuwa nje ya ofisi hizo. Ikilala, wamelala wote.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukimaliza kuandaa seva yako usiipime kutoka kwenye meza yako yenye fiba. Kivinjari chako kina zana ya kupunguza kasi ya laini kwa makusudi, itumie. Kisha jaza fomu yako, bofya kutuma, na uzime mtandao kabla jibu halijarudi. Washa tena. Kama mtumiaji anaweza kujua bila kukisia kama ombi lake limefika, seva yako iko tayari kwa Eastlands, na ikiwa tayari kwa Eastlands haitashindwa mahali pengine.

Makala ijayo nitaeleza kwa mifano ya msimbo jinsi ya kutekeleza hiyo namba 8 kwa PHP na kwa Node. Tuwasiliane.